Saluti kwa Kinyonga

Wanyama wa kusini walipopigana na wa kaskazini, mto tu ukiwatenganisha, Kinyonga ndiye aliyekuwa mlenga shabaha wa kikosi cha Kapteni Nyani. Alikuwa na bunduki ndefu yenye darubini, na subira ya kutisha. Nyani naye alipenda saluti kuliko chakula. Hata mbele ya adui alitaka apigiwe.

"Afande, saluti zitakuua," Kinyonga alimwambia.

"Saluti inaua vipi?"

"Nikilenga ng'ambo sitazami vyeo, havionekani kwa mbali. Natazama nani anapigiwa saluti. Huyo ndiye ninayemmaliza. Na wao wana Kipanga; kazi yetu ni moja."

"Umeniokoa, kijana wangu. Nitakuheshimu mbele ya wote."

Asubuhi Kinyonga alipotoka handakini, alikuta kikosi kizima kimesimama wima, kwa amri, kikimpigia saluti yeye. Nyani ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Kinyonga akajigeuza rangi ya udongo. Akajigeuza rangi ya majani makavu. Kila alikosogea, saluti zilimfuata.

Ng'ambo ya mto, Kipanga alifumba jicho moja.