Kabla ya Safari ya Mahurunga

"Usiliwashe," alisema Mzee Jafari bila kugeuka. "Gari halijapumua bado, utaliwashaje?"

Latifa alikuwa ameegemea tu mlango wa Landrova, wala ufunguo hakuwa nao. Ndiyo kwanza afike Chuno kutoka Mikindani, na mkoba ulikuwa bado begani. Akasogea pembeni.

Mzee aliinama tena chini ya boneti. Alifungua vibanio, akalitoa chujio la hewa na kulilaza juu ya gunia safi. Kisha akakichomoa kikombe cha vumbi kilichokaa chini yake, akakiinamisha juu ya gazeti. Vumbi jekundu likamwagika, laini kama unga wa muhogo.

"Unaona? Ukisafiri na mzigo huu, injini inakabwa koo."

"Naona, babu."

"Ninyi watu wa Mikindani mnapenda lifti, vumbi hamlitaki."

"Sisi tuna upepo wetu wa bahari. Vumbi tumewaachia nyie wa korosho."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mkewe, Bibi Hadija, alichungulia kutoka uani. Alikuwa akinawa mikono, na maji yaliyomtoka viganjani yalikuwa mekundu kwa vumbi lilelile.

"Baba Mwanaisha, uji unapoa."

"Nitaunywa nikirudi naye."

Akachukua kitambaa kikavu, akafuta kikombe ndani kwa kidole, polepole, akizunguka ukingo. Kazi hii hakuwahi kumwachia mtu.

"Unajua nakwenda wapi?" akamuuliza Latifa.

"Mahurunga."

"Kumfuata Mwanaisha wangu. Siku zake zimekaribia. Na mtoto wa kwanza hazaliwi ukweni, anazaliwa kwa bibi yake. Hata kama mumewe ana nyumba ya bati, hata kama ana mkunga ndani. Ndiyo desturi."

"Ndiyo, babu."

"Chumba chake mama yake ameshakitandika."

Chini ya kikombe palikuwa na mpira mdogo wenye mdomo, unaofumba na kufumbua gari likiwa linakwenda, ukitema vumbi nje. Mzee akauminya, akauangalia kwenye mwanga.

"Huu ukichanika, dereva anaufunga kwa mpira wa baiskeli. Anafikiri ametengeneza." Mikono yake ikasimama. "Hajatengeneza kitu. Vumbi halina pa kutokea. Linajaa, linapanda, linaziba chujio. Ukifika kwenye mchanga gari linatoa moshi mweusi, haliendi. Unashuka, unaligonga chujio kwenye tairi. Na nyuma kuna mtu anakuita, huna la kumjibu."

Latifa hakumuuliza ameyajuaje. Alimshikia kikombe.

Mzee akapuliza chujio kutoka ndani kwenda nje, akalizungusha, akapuliza tena. Akarudisha kila kitu mahali pake na kubana vibanio. Aliposhusha boneti, kuku mmoja aliruka kutoka kiti cha nyuma, akapiga kelele uwanja mzima.

"Hata wewe unataka kwenda Mahurunga?" mzee akamwambia kuku, akaingia nyuma ya usukani.

Bibi Hadija akatoka haraka, bado anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mpira umeutazama vizuri?"

"Nimeutazama."

"Utazame tena, baba. Njia ile unaijua."

Kwa kawaida neno hilo lilitosha. Angeshuka, angefungua upya, na jua lingepanda mpaka wakati wa kula na kulala. Lakini leo mzee aliupiga usukani kwa viganja.

"Mnanichelewesha! Kila siku, angalia tena, angalia tena! Mwanangu atazalia njiani, nanyi mmesimama mnanitazama!"

Alitafuta ufunguo mahali pake, hakuuona, akapapasa chini ya kiti, akapapasa mifukoni, akilia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Latifa akafungua mlango wa pili, akaketi kando yake. Bibi Hadija alimtikisia kichwa: usimwambie. Latifa aliiona ile ishara, akaishika mikono ya mzee, ikiwa na vumbi vilevile.

"Babu, hakuna haja ya kwenda. Nimekuja kukwambia. Mwanaisha ameshajifungua."

Mzee akatulia ghafla.

"Ameshajifungua?"

"Ameshajifungua."

"Kapata nini?"

"Mtoto wa kike."

"Mzima?"

"Mzima. Alilia mpaka majirani wakasikia."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi ndefu. "Na mama yake?"

Latifa alitazama mbele, kwenye majani yaliyoota hadi usawa wa bampa.

"Amelala, babu. Haumwi tena."

Bibi Hadija akajifunika uso kwa kanga, akageukia ukutani.

"Mwache alale," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Amechoka. Njia ile ni mbaya." Kisha uso wake ukachangamka. "Na mtoto? Wamempa jina gani?"

"Latifa."

"Latifa," akarudia mzee, kama anayeonja. "Jina zuri." Akamgeukia binti huyu wa Mikindani aliyekuja kumletea habari njema, akambana mkono. "Basi nifanyie hisani, binti wa watu. Ukimwona, mwambie babu yake hakukusudia kuchelewa."

"Ameshasikia, babu," alisema Latifa.