Unyoya wa Ijumaa

Mwanahawa alifumba macho, akanyoosha mkono. Isihaka, mumewe, akaushika unyoya wa kuku.

Ndiyo kazi yao ya kila Ijumaa, Isihaka akishatoka msikitini. Mwaka uliopita Mwanahawa alirudi Mbeya kutoka kambi ya wakoma upande wa Iringa, amepona. Lakini daktari wa kambi alimuusia Isihaka: ukoma huweza kurudi hata baada ya dawa, na ukirudi huingia kimya kimya, ngozi ikafa ganzi. Mpime kwa unyoya, macho ameyafumba. Asiposikia, mlete upesi.

Kumleta maana yake ni kambi tena. Mwanahawa aliporudi, binti yao Rukia alimkimbia kama mgeni. Ndiyo kwanza ameanza kumwita mama. Isihaka hakutaka kuyaona yale tena.

"Fanya upesi, Baba Rukia. Maharage yataungua."

"Yaungue. Na usichungulie!"

Maana alishawahi kuchungulia, maskini, kwa hofu tu. Tangu siku hiyo Isihaka akimpima hautazami unyoya. Anazikodolea kope za mkewe.

Alisugua viganja kwanza. Baridi ya Juni ilikuwa inamwonea. Asubuhi nzima pale kwenye cherehani yake sindano ilimponyoka, na mteja wake Asukile ndiye aliyemwonyesha damu kwenye koti: fundi alikuwa amejichoma asijue.

"Ninyi watu wa Pwani bwana," Asukile alimcheka, "baridi kidogo tu vidole vimekufa!"

Isihaka alianza kugusa.

"Kiganjani," alisema Mwanahawa. "Hapo kwenye kifundo. Kiwiko... we, unanitekenya!"

Wakacheka. Isihaka akapandisha mkono juu ya kiwiko, mahali palipokuwa na doa la zamani.

Mwanahawa kimya.

Akarudia, polepole. Kimya. Kope hazikutikisika.

Ukoma umerudi. Akilini Isihaka alimwona Rukia mlangoni, analilia gari linalomchukua mama yake. Akarudia mara nyingine huku akimwomba Mungu moyoni.

"Mbona umenyamaza?" Mwanahawa aliuliza. "Tumemaliza?"

Mwanahawa akafumbua macho. Akaangalia mkono wake, akaangalia mkono wa mumewe, kisha akatazama chini. Unyoya ulikuwa umelala mkekani. Vidole vya Isihaka vilikuwa bado vimebana pale hewani, havina kitu.

"Alhamdulillahi!" Isihaka alipiga kelele, machozi yanamlenga kwa furaha. "Kumbe umeniponyoka! Baridi hii itaniua kwa presha!"

Mwanahawa hakucheka. Aliuokota unyoya.

"Lete mkono, mume wangu. Fumba macho."

"Mimi tena?"

"Fumba."

Alifumba, bado anatabasamu. Akangoja. Kutoka jikoni maharage yalianza kutoa harufu ya kuungua. Alimsikia mkewe akipumua karibu yake, pumzi za haraka haraka.

"Haya, anza basi," alisema.

Mwanahawa akaangua kilio.