Mgeni wa Heshima

Viti viwili kuliani kwa yule mwanamke vilikuwa vitupu, na viwili kushotoni, ingawa sebule ya msiba ilifurika hadi wengine wakasimama ukutani.

Rabab hakuweza kumwondolea macho. Gauni jeusi lililonyooka, halina ushanga wala kifungo cha kung'aa. Hana pete, hana wanja. Kucha fupi, safi. Alikaa mgongo wima, mikono mapajani, na kila bibi aliyepita mbele yake aliteremsha sauti na kuinamisha kichwa.

Rabab alipoinua kikombe cha kahawa, bangili zake kumi na mbili zikalia kama kengele. Wanawake wakageuka.

"Mpenzi," Inji Hanim, bibi wa ukoo mkubwa kama cheo hicho cha Hanim kilivyoonyesha, alimnong'oneza huku akitabasamu, "na duka la sonara leo umemwachia nani?"

Mume wa Rabab alitajirika kwa vigae vya bafu kule Tanta, na huu ulikuwa mwaka wao wa kwanza Aleksandria, katika mtaa wa majumba ya kale ambako watu humuuliza mtu jina la babu yake kabla ya lake. Mjukuu wa Inji Hanim alitaka kumwoa binti wa Rabab. Inji Hanim alikuwa bado hajasema ndiyo.

"Usinune," bibi huyo aliendelea. "Kujua kuvaa hakuuzwi dukani. Mtu huzaliwa nako."

"Na yule kule ni nani?"

Tabasamu la Inji Hanim likazimika. "Bi Dawlat. Mama yangu alipita mikononi mwake. Bibi yangu pia. Hakuna nyumba ya maana hapa asiyoijua mpaka vyumba vya ndani." Akasita. "Usimtazame sana."

Rabab akaelewa: huyu ndiye aliyewavika, aliyewafunza adabu. Mjukuu wa pasha fulani wa zama za wafalme, bila shaka.

Tangu siku hiyo Rabab alianza kujifuta kidogo kidogo. Bangili akazifungia kabatini. Magauni ya kumetameta akayagawa. Akanunua ya rangi nyeusi, kijivu na ya maziwa. Akajifunza kukaa bila kutikisa mguu na kunyamaza bila kuhangaika. Jioni moja Sabri, mumewe, aliingia chumbani akaruka.

"Bismillahi! Nilidhani kuna mtu mwingine humu. Tangu lini unatembea bila sauti?"

Rabab akafurahi. Lakini alipogeukia kioo, kwa kitambo kidogo, naye hakumjua aliyesimama pale.

Katika msiba wa pili alikaa viti vitatu kutoka kwa Bi Dawlat. Katika wa tatu akapiga moyo konde, akakaa ubavuni mwake. Sebule nzima ikanyamaza. Rabab aliuonja ukimya ule kama asali.

Bi Dawlat alimtazama kutoka utosini hadi vidoleni, polepole, kama fundi anayepima bila futi. Harufu ya mwanamke yule ilikuwa ya sabuni tu.

"Shangazi, nani anakushonea?"

"Najishonea. Kitambaa cheupe kinachobaki nakitia rangi."

"Hubandiki hata lesi?"

"Ya nini, mwanangu? Mtu akishavaa vizuri, haongezi kitu."

Rabab aliyashika maneno yale kama hirizi. Akakusanya ujasiri. "Alhamisi njoo kwangu."

Uso wa Bi Dawlat ukabadilika. "Mgonjwa wenu amezidiwa?"

"Hatuna mgonjwa, alhamdulillahi."

"Basi nije kufanya nini?"

"Kunywa chai. Uwe mgeni wangu wa heshima."

Bi Dawlat aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Chai tu?"

"Na keki."

"Miaka thelathini naingia nyumba hizi," alisema taratibu, "na hakuna aliyewahi kuniita kwa chai tu." Machozi yalimlengalenga. Rabab akastaajabu: kumbe wakubwa wa kweli ndivyo walivyo wanyenyekevu.

Alhamisi Bi Dawlat alifika mapema. Alivaa kijivu na kubeba biskuti za kuoka mwenyewe, zimefungwa kwa leso iliyopigwa pasi. Rabab alimkalisha kwenye kochi kubwa, naye akaketi kando yake, kijivu kwa kijivu, kama mtu na mwanawe. Bi Dawlat alikula kipande cha keki kwa uangalifu, akaulizia masomo ya binti, hata akacheka mara moja, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea.

Kengele ikalia. Inji Hanim alikuja kutoa jibu, na dada zake wawili nyuma yake, mashada ya maua mikononi.

Alifika mlango wa sebule akasimama. Maua yakashuka. Macho yake yakajaa machozi, akamvuta Rabab kifuani, akambusu shavu hili na lile. Hakuwahi hata kumpa mkono vizuri kabla ya siku hiyo. Moyo wa Rabab uliruka: amekubaliwa.

"Pole, mwanangu," Inji Hanim alisema, akimkumbatia kwa nguvu. "Mungu akupe subira. Ni nani? Ni Sabri?"

"Sabri? Yuko dukani, Hanim. Sote tuko hai, wazima."

Mikono ya Inji Hanim ikaachia. Alilitazama gauni la Rabab, kisha akamtazama mwanamke wa kwenye kochi, ambaye alikuwa amekiweka kikombe chini na kuificha mikono yake ndani ya mtandio. Wale dada wawili walikuwa wamekwisha kurudi nyuma hadi ngazini.

"Kama wote mko hai," Inji Hanim alisema, akipapasa nyuma yake kuutafuta mlango, "huyu mwosha maiti umemwita aje amwoshe nani?"