Tundu la Msumari

Sarafu ilipotoka kwenye bahasha ilinuka dawa ya meno. Mtu alikuwa ameisugua mpaka ikang'aa kama kifungo cha koti. Marehemu mume wangu angelia; sarafu zake za kale hakuwahi kuziosha hata moja. Zote zilitoweka wiki ya msiba, nyumba imejaa watu.

Hii niliinunua mtandaoni, nikidhani inafanana tu na yake ya kwanza. Picha ilionyesha upande mmoja. Nikaigeuza. Katikati palikuwa na tundu lililoishia nusu, alilolipiga mume wangu kwa msumari akiwa mtoto.

Nikampa mama mkwe aishike.

"Na kodi wamekukata?" akauliza shemeji yangu, mdogo wa marehemu, makombo ya biskuti yamemganda midomoni. "Hawana haya! Pesa inatozwaje kodi ya mauzo? Ungeniambia mimi, ningekutafutia kwa mtu, bila kodi."

Kule mtandaoni muuzaji alijiita Hazina Safi. Lakini risiti ya kodi iliyokuja ndani ya bahasha haina utani, huandika jina kamili la muuzaji. Nililisoma mara mbili. Biskuti zile nilizinunua mimi.

Nikamsogezea karatasi. "Hebu soma jina la muuzaji, shemeji."

Akaliona. Taya zikasimama.

"Soma kwa sauti, mwanangu," mama mkwe akasema, kidole gumba chake kimetulia juu ya tundu. "Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."