Jiko la Mtihani

Ili apate kazi ya jikoni hotelini, Mwanahawa alibakiza swali moja: kueleza kwa Kiingereza jinsi ya kuwasha na kuzima moto. Alikuwa amekariri wiki nzima, lakini mbele ya mpishi mkuu, Bi Rukia, ulimi ukafa ganzi.

"Basi liwashe hilo jiko, mwanangu. Sema huku unafanya."

Akapanga mkaa, akawasha kiberiti. "Light the fire," akanong'ona. Akapepea mpaka mkaa ukashika. "The fire catches." Sauti ikapanda.

"Haya, zima."

"Put out the fire!" alisema bila kukwama, huku mikono yake ikifukia kaa moja majivuni, kama wafanyavyo kwao kila wazimapo jiko, jirani asije akakosa pa kuomba moto.

Bi Rukia akacheka. "Jumatatu uje mapema."

Mwanahawa akashusha pumzi ndefu. Majivu yakapeperuka kidogo, na kaa likaonekana, jekundu.