Mgeni Asiyepiga Picha

Wageni wote waliofumbua macho walikuwa wameelekeza simu zao kwenye maporomoko ya maji. Mmoja tu, mwanamume mwenye kofia ya kitambaa aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa akitazama miguu ya dereva.

Dereva alimwona kwa pembe ya jicho, roho ikamruka. Mwaka huu alikuwa amekwishaonywa mara mbili: kwanza kwa kumjibu mgeni kijeuri, kisha kwa kuongea na simu huku anaendesha. Bosi alimwambia waziwazi kwamba lalamiko jingine likija, akatafute kazi kwingine. Kwa umri wake, na watoto watatu bado wako shuleni, kupata kazi kwingine kulikuwa ndoto za alinacha.

Na kampuni ilikuwa na mchezo wake. Mara mojamoja ilipachika mkaguzi katikati ya watalii, amevaa kama wao, anashangaa kama wao, kumbe anakagua kila kitu. Madereva walimbandika jina la Kupe, kwa kuwa hupanda kimyakimya na kushuka ameshiba. Hakuna aliyewahi kumtambua mapema.

"Leo nimekunasa," dereva akasema moyoni, akaukaza mkanda wake vizuri.

Gari halikuwa na paa wala milango, ni vyuma vya kushikilia tu. Kiti cha nyuma walikaa bwana na bibi harusi, ambao mlima waliuona pale tu walipochoka kutazamana. Pembeni yao alikaa mama mmoja mtu mzima, aliyefumba macho tangu getini. Dereva alimtilia shaka kidogo naye, lakini mkaguzi gani anakagua amefumba macho?

"Mzee, hapa unaweka gia gani?" mwenye kofia akauliza walipoanza kupanda mwinuko wa mawe.

Hilo nalo ni swali la mtalii? Watalii huuliza kama kuna chui, au choo kiko wapi.

"Gia nzito, mkuu," dereva akajibu kwa adabu ambayo mkewe angecheka kuisikia. "Tena naiweka kule chini kabisa. Nikisubiri gari lilemewe, nimeshachelewa."

"Na breki?"

"Hapa siigusi. Ukiigusa tu, matairi yanateleza, unakwenda kusalimiana na mizizi huko korongoni."

Mama wa nyuma alinong'ona kitu kilichofanana na dua. Mwenye kofia akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akisoma. Upepo ulikuwa baridi, lakini dereva alilowa jasho mgongoni.

Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno. Barabara ile aliijua yeye tu, na alipenda ibaki hivyo. Madereva wengine wawili waliwahi kuijaribu. Mmoja alilitumbukiza gari mtaroni, wa pili alilitelekeza juu na kurudi kwa miguu, akaapa kwenda kuendesha matrekta. Mkewe humtania kwamba atazikwa na kona zake. Lakini leo ukimya ungemponza. Kupe angesema dereva ni mnunaji, hachangamkii wageni.

Basi akafungua mdomo. Alieleza ukungu unashukia wapi na saa gani wa kuogopa. Walipofika mtoni alieleza kwamba maji yakiwa na rangi ya chai havuki, hata wageni wakipiga kelele vipi. Mwenye kofia aliuliza, akarudia kuuliza, na kila jibu alilitamka upya midomoni bila sauti. Milima ilijipanga mbele yao, ya buluu na mizuri mno, naye hakuiangalia hata mara moja. Mshenzi wa watu, dereva akawaza, hata haya hana.

Kisha wakafika kwenye genge. Hapo barabara hupinda ghafla na kupotea, mbele unaona mawingu matupu.

"Hapa unapitaje, mzee, na huoni mbele?"

Dereva akapunguza mwendo. Hilo hajawahi kumwambia mtu, hata mdogo wake wa tumbo moja aliyembembeleza mpaka wakakosana. Lakini akikataa, si itaonekana anabahatisha na roho za watu?

"Barabara usiitazame," akasema kwa sauti ya chini. "Tazama ule mti uliopasuka, ng'ambo kule. Pua ya gari ikiuelekea, kata usukani wote kulia. Usisite."

"Rudia, tafadhali."

Akarudia. Kisha akaipita ile kona taratibu, safi kabisa, mpaka bwana na bibi harusi wakapiga makofi.

Waliporudi kwenye uwanja wa kampuni, mama yule alifumbua macho, akauliza kama safari imeanza. Dereva alimteremsha kwa heshima zote, kisha akamkimbilia mwenye kofia kabla hajaingia ofisini.

"Mkuu, samahani. Mimi nimekujua tangu kule kwenye maporomoko."

Yule bwana alishtuka, uso ukamshuka. "Umenijua?"

"Nimekujua. Sina kinyongo, kazi ni kazi. Naomba tu ukifika kwa bosi, useme ulichokiona."

"Mzee wangu, una moyo wa ajabu," yule bwana akasema, macho yakiwa chini. "Mwingine angenitupa korongoni."

Dereva alicheka kwa nguvu, mzigo wote ukamtoka kifuani. Alikuwa bado anatabasamu alipoitwa ofisini.

"Vipi, njia umeishika?" bosi alikuwa akimwuliza mwenye kofia.

"Yote, bosi. Mzee hakunificha kitu."

Bosi akamgeukia dereva. "Basi mpe funguo. Kuanzia kesho gari ni lake."