Vibao vya Majina

Kimbunga kiling'oa nusu ya miti ya bustani ya mimea, na iliyobaki kikainyonyoa majani yote. Bi Salha, mtunza bustani, alimkuta Shomari, msimamizi wa usafi, amechuchumaa mbele ya ndoo, anang'arisha vibao vya majina ya miti.

“Umevitoa vyote?”

“Mgeni rasmi anakuja kutupa pole, Bi. Avikute vichafu?”

“Shomari, una akili wewe? Majani yamekwenda na upepo, majina umeyang'oa wewe! Kuna mti hapa umebaki huo mmoja tu duniani. Nimwambie mwenye msumeno anayekuja kukata iliyoharibika auache upi?”

“Nitavirudisha.”

“Wapi?”

Shomari aliitazama miti mitupu, yote sawasawa. Kisha akachagua kibao kilichong'aa kuliko vyote, akakitundika kwenye mti uliokuwa karibu na jukwaa la mgeni rasmi.